Majivu Darasani

Mjukuu wangu Mwende,

Cheka utakavyo, lakini mama yako huniita shangazi, kwa hiyo mimi ni nyanya yako, ingawa juzi tu nilivua sare ya shule. Huku Mtopanga sote tu wazima, joto tu ndilo halituhurumii.

Umeniuliza kama chuoni ninaona haya kuwa Mkatoliki. Jumatano ya Majivu nilitoka Misa ya asubuhi moja kwa moja hadi darasani, kuwasilisha kazi ya kikundi chetu. Kiongozi wetu akaiona alama ya majivu kwenye kipaji cha uso wangu.

"Dada, jifute hiyo. Watatucheka."

"Sijifuti."

"Basi keti, nitasoma mimi."

Unanijua nisivyoweza kusimama mbele za watu, na hapo nimepewa ruhusa ya kuketi! Nikaenda mbele.

"Huyo katoka kupuliza makaa!" mmoja akapaza sauti, na darasa zima likaangua kicheko. Nikangoja wamalize, ndipo nikasoma, sauti ikitetemeka hadi neno la mwisho.

Watu bado ninawaonea haya, mjukuu wangu. Mungu wangu simwonei.

Nyanya yako,
Ndinda