Kumbukumbu za Kikao Kilichohamia Nje kwa Sababu ya Fabiani

KIKUNDI CHA TUACHE POMBE, PITO
KIKAO CHA KAMATI

Kwa Afisa Ustawi wa Jamii: Naomba radhi kwa kuchelewa. Kikao kilikaa mwanzoni mwa mwezi na sasa mwezi unakwisha. Mtoto wangu anaota meno, na kila nikishika kalamu anaitaka yeye. Nimeandika vipande vipande, ila sikupunguza kitu, hata Mwenyekiti aliponiomba.

TAREHE: Jumamosi, 6 Desemba 2025
MAHALI: Chumba cha mikutano cha kigango, Pito, baadaye nje ya mlango wake
WALIOHUDHURIA: Mzee Adolfu (Mwenyekiti), Albina (Katibu), Jenifer (mjumbe, muuguzi wa zahanati), Limbu na Meshack (wajumbe)
WAALIKWA: Salome, na mumewe Fabiani, mwanachama aliyesimamishwa
HAKUHUDHURIA: Raymond, yuko Kasanga kwenye mizigo, kwa taarifa

KUMB. NA. 1/12/2025: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kwa sala, kisha akakipongeza kikundi kwa msimamo. Alikumbusha kwamba Fabiani alikunywa pombe ya ulezi waliyopikiwa walimaji shambani kwa jirani, na kwa katiba yetu anayerudia pombe hakai na wenzake vikao vitatu. Aliongeza kwamba adhabu imemsaidia, amekuwa mkarimu: Mwenyekiti amepewa plau, Meshack baiskeli, majirani kuku wote. Aliomba ukarimu huo uandikwe. Umeandikwa.

KUMB. NA. 2/12/2025: FABIANI KUKAA NJE
Salome alipiga hodi akiwa na mumewe. Mwenyekiti alisema Salome aingie, Fabiani abaki nje, katiba ni katiba. Limbu alinyanyua kiti chake akaenda kukaa na Fabiani. Alipoulizwa kama anasusa kikao, alijibu, "Sijasusa, baba. Hapa nakusikia vizuri. Sauti yako inafika mpaka Mwimbi." Jenifer alimfuata, kisha Meshack, kisha Katibu na mtoto mgongoni. Mwenyekiti aliendesha kikao ndani peke yake kwa muda. Aliuliza kama kuna hoja, hapakuwa na hoja. Ndipo akatoka na kiti chake. Ilionekana hakuna kifungu kinachokataza kamati kukaa nje.

KUMB. NA. 3/12/2025: VITU VYA FABIANI
Salome alieleza kwamba huo si ukarimu. Mumewe hapati usingizi, chakula anakiangalia tu, na anasema watoto watalelewa vizuri zaidi bila yeye. "Mtu anagawa plau wakati wa kulima," alisema. "Ninyi wakulima gani hamkushtuka?" Mwenyekiti alieleza kwamba plau yenyewe ni nzuri.

Jenifer alifafanua kwamba mtu anayepambana na pombe ana hatari kubwa ya kujiua kuliko wengine, hasa akirudia kunywa, akaona aibu na akaachwa peke yake. Alisema hayo mawili ya mwisho tulimpa sisi, kwa muhuri. Alishauri aulizwe waziwazi. Mwenyekiti alipinga kwamba jambo la hivyo ukilitaja unamfundisha mtu. Jenifer alijibu kwamba kuuliza hakumpi mtu wazo hilo, kunampa mahali pa kulitua.

Limbu, Msukuma ambaye wiki nzima kazi yake ni kututania sisi Wafipa, aliuliza bila utani: "Fabiani ndugu yangu, unafikiria kujiua?"

Fabiani alisema ndiyo, tangu asimamishwe. Alisema hajawahi kuulizwa, na amechoka kulibeba. Mwenyekiti alivua kofia, akasema, "Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa nalinda kikundi." Fabiani akamjibu, "Shikamoo, baba," kwa kuwa tangu afike hakuwa amepewa nafasi ya kuamkia. Mwenyekiti aliitikia.

KUMB. NA. 4/12/2025: MAAZIMIO
Jenifer na Salome wampeleke Fabiani hospitali siku hiyo hiyo, si Jumatatu, na kama bado anakunywa, asiikate pombe ghafla bila uangalizi wa wataalamu. (Alipelekwa. Anaendelea na matibabu na ushauri.)

Asiachwe peke yake. Akirudi, Limbu alale kwake, kwa sharti la Salome kwamba asisimulie ng'ombe usiku kucha. Vitu vya hatari vya nyumbani vitunzwe kwa Katibu, chini ya kufuli.

Alivyogawa virudi. Meshack alirudisha baiskeli pale pale. Mwenyekiti aliomba amalizie kwanza nusu ekari. Fabiani alicheka. Salome aliomba kicheko hicho nacho kiandikwe. Kimeandikwa.

Katibu alitaka kifungu cha adhabu kifutwe. Mwenyekiti alikubali, ila alisema kinafutwa na Mkutano Mkuu tu, mwezi Machi. Katibu alisema basi mpaka Machi kamati itakaa nje na Fabiani. Hakuna aliyepinga.

KUMB. NA. 5/12/2025: KUFUNGA
Mvua ilituvunjia kikao saa kumi na nusu alasiri, sala ya kufunga ikasemwa tukikimbia.

Adolfu, Mwenyekiti (sahihi) ............
Albina, Katibu (sahihi) ............

TUNAVYOOMBA TULETEWE:
1. Namba ya simu ya mshauri anayepokea hata Jumapili. Tuliyopewa inaita mpaka inachoka.
2. Mtaalamu wa afya ya akili aje azungumze na wanachama wote, na wake na waume zao.
3. Karatasi za dalili za hatari, kwa Kiswahili, herufi kubwa. Mwenyekiti hakubali kwamba anahitaji miwani.
4. Turubai moja, pana, la kutosha viti saba.