Sindano Ndani ya Koti

Jumatatu, 4 Juni 1956. Nchelenge.
Nimesahihisha hotuba ya Jumapili. Upepo wa ziwa tangu asubuhi. Kalaba mvuvi amekuja tena kuomba arudishwe kwenye Meza ya Bwana. Binti yake anaolewa mwezi huu, naye hataki wakwe wamkute kwenye benchi la mlangoni, la waliofungiwa. Kama mzee wa kanisa, nimekataa. Alifunga dawa ya mganga kwenye wavu wake. Hakuna la kujadili.

Jumatano, 6 Juni.
Mzungu anayetafuta madini amemaliza kazi Puta. Kesho anaondoka kwa ndege, nami nitafuatana naye kama mkalimani. Nitapakata chombo chake, kile kinacholia kinapopita juu ya chuma kilichofukiwa. Ndege ni ndogo. Hakuna mahali pengine pa kukiweka.

Mke wangu ameshona kifurushi ndani ya koti langu. Dawa ya mganga, ya kinga, pamoja na sindano ya kushonea. Nimejiambia ni kumridhisha yeye. Uongo. Mimi ndiye niliyeomba. Naogopa kuanguka.

Alhamisi, 7 Juni.
Aibu.

Watu wengi walikuja uwanjani kuniaga. Kalaba pia, ndiye aliyebeba mizigo yangu kwa baiskeli. Mzungu akawaonyesha chombo. Kikalia juu ya baiskeli. Kikalia juu ya jembe. Wakapiga vigelegele. Kisha akakipitisha kifuani pangu. Kikalia. Nikatoa saa. Kikalia. Nikatoa miwani, na funguo za kanisa. Kikalia.

"Ba Mwalimu," Kalaba akasema, "labda roho yako njo ya chuma!"

Wakacheka. Mzungu, naye akicheka, akapapasa koti, akavuta uzi. Kifurushi kikaanguka mchangani. Hapakuwa na mtu asiyekijua. Kicheko kilikatika. Kalaba akageuza uso pembeni, kunisitiri. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Mzungu alikiokota, akanirudishia kwa adabu, kama leso. Nilikitupa.

Angani chombo kilinyamaza magotini pangu. Ziwa Mweru lote lilikuwa chini yetu. Sikulitazama.

Jumapili, 10 Juni.
Nilirudi jana kwa lori. Kabla ya ibada niliwaeleza wazee wenzangu yote, hata kwamba dawa niliiomba mwenyewe. Nikawasihi wamrudishe Kalaba kabla ya harusi. Wamesema mimi sina tena sauti katika jambo hilo.

Mwingine amesoma hotuba yangu. Haikuwa na kosa.

Nilikwenda kwenye benchi la mlangoni. Kalaba alisogea, akanipa nafasi.