Soya Uliyowasagia Kuku

Shangazi,

Wafula mwanao alinipigia Ijumaa, na mpaka leo sijielewi. Baada ya wewe kuzikwa mimi nikiwa huku Doha, nilidhani hakuna habari nyingine ya nyumbani itakayonitikisa. Nilimuuliza tu soya yako imefikia wapi. Akasema hakuna soya yako tena. Msimu uliopita ulisaga gunia lote la mbegu likawa chakula cha kuku, ukanunua ya dukani, kwa sababu "Nekesa amesema."

Mimi! Mimi ndiye nimesema!

Siku naondoka ulinifungia mbegu kwenye pembe ya leso. Ulisema Waarabu hawatanipikia uji wa nguvu, nijipandie mwenyewe. Madam ninayemfanyia kazi hapa mtaa wa Abu Hamour akanipa kipande cha bustani nyuma ya jikoni, nikapanda nusu yake mwezi wa nne, nikamwagilia asubuhi na jioni. Ikarefuka, Shangazi, ikanifika kifuani, majani tu, tena ya manjano. Maua yalipokuja, joto likayakausha yakapukutika. Nilivuna viganja viwili vya punje zilizokunjamana. Nilipozisaga nizikamue maziwa ya soya, nikapata maji yenye harufu ya majani. Yako yalikuwa yakichemka yanafukuza kifuniko, na watoto wa jirani waliyanywa mashavu yakarudi.

Basi nikanunua kadi ya simu nikakupigia, na kiburi changu cha kupanda ndege mara moja. "Shangazi, mbegu yako imechoka. Itupe, nunua ya kisasa." Ukasema tu, "Haya mwanangu. Wewe ndiye umeona dunia."

Dunia gani, Shangazi? Nimeona jikoni, kamba ya nguo na duka la pembeni. Na wewe, uliyekuwa hukubali mtu akufundishe hata kushika jembe, siku hiyo kwa nini hukunigombeza?

Jumamosi nilimweleza Okello, Mganda wa Lira anayetunza bustani za mtaa huu. Kwao soya ni kama mahindi kwetu. Aling'oa shina moja kavu nililoliacha ukutani, akanionyesha mzizi. Mtupu. Nikakumbuka ya kwako, ukiing'oa mizizi imejaa vinundu vidogo, nami mtoto nilidhani ni ugonjwa. Kumbe ndivyo vinavyoilisha, na mchanga wa huku hauna vijidudu vinavyovitengeneza. "Mbegu haina makosa, sista," alisema. "Ni hapa." Tena imezoea siku za kwetu, mchana na usiku karibu sawa. Huku kiangazi mchana unarefuka, ikakawia kutoa maua mpaka joto likaikuta. Na ile ya dukani, ambayo pengine kwingine inazaa vizuri, Wafula anasema kwako ilitoa debe moja tu.

Niliihukumu mbegu yako katika shamba lisilo lake. Nawe ukaniamini! Bado nashindwa kulimeza hilo.

Lakini ile nusu nyingine ipo, Shangazi. Ipo kwenye leso yako. Okello ameniambia soya haikai muda mrefu na joto huiua, kwa hiyo nimeiweka kwenye friji, chini ya karoti za Madam. Nilichukua punje tano nikazifunika kwa pamba yenye maji. Leo asubuhi tatu zimechipua. Nililia mbele ya sinki mpaka Madam akauliza nani amekufa tena.

Likizo yangu ni mwezi wa pili. Nitazibeba mwilini, si kwenye sanduku, na mvua ya kwanza itanikuta shambani kwako, pale pale chini ya zizi. Kaburini nitakuja baadaye, nikiwa na udongo kwenye kucha, ndipo nikuage vizuri. Pumzika, mama yangu uliyenilea.

Nikikosea kupanda, usiniambie tena "Haya mwanangu." Safari hii nikatalie.

Nekesa wako