Mti wa Kulukulu

Kambini, Minziro

Ma Kokushubila, mke wangu,

Pokea salamu kutoka huku kwenye mbu wenye afya kuliko sisi. Mguu wako umepoa? Na mkwe wetu mjamzito, tumbo lake limeshuka, au bado anatembea nalo kama mwenyekiti wa kijiji? Mimi mzima, ila kuna jambo.

Huku tunapasua mbao za shule ya kijiji cha ujamaa. Kwenye mti mmoja mkubwa wanakaa kulukulu wawili, wale ndege wa buluu wenye kishungi, muziro, mwiko wa ukoo wetu. Dume alikuwa akikimbia juu ya tawi, anainamisha kichwa, anainua mkia, anamlisha jike tunda. Nikacheka peke yangu: nami nilikuja kwenu hivyohivyo, na kanzu ya kuazima. Ukageuza uso. Jike huyu naye aligeuza. Sasa amelalia mayai.

Leo asubuhi mkuu wa kambi, kijana wa juzi tu, kaupaka mti ule chokaa, maana yake ukatwe. Nikamwambia, "Bwana mkubwa, huyo ndege kwetu haguswi."

"Mzee, ndege ana kadi ya chama?"

Nikaona nimweleze kwa vitendo: nikainama, nikatingisha makalio, nikaruka. Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Yeye hakucheka.

"Kesho msumeno utaushika wewe mwenyewe. Ukikataa, unapinga ujamaa."

Mimi! Mwenye migomba michache na mbuzi kipofu!

Unamkumbuka baba mdogo? Aliangusha kiota cha kulukulu, mwanawe akazaliwa asilie, na mpaka leo mtoto yule hajasema neno. Nilikuwa nikimtania yule mzee. Sasa simtanii tena.

Mwambie kaka yangu achukue pombe ya rubisi, nzuri, siyo ile anayowapa wageni, amwage alipozikwa babu, aseme msumeno si wangu. Najua barua itafika mti umeshaanguka, lakini waliokufa hawana haraka kama mkuu wa kambi. Wewe nawe sali rozari. Atakayesikia kwanza na asikie. Padri usimwambie.

Nisalimie dada yako mwenye ulimi, na jirani anayetuchungia mbuzi. Dereva wa lori atakayeleta barua hii ananipigia honi, na nyuma yangu wananoa msumeno.

Mtoto akija, msimpe jina langu kwanza. Ngojeni alie.

Ni mimi, wa kanzu ya kuazima,
Ta Kokushubila