Mzambarau wa Ukuta wa Bwawa

Nekesa mjukuu wangu,

Barua yako imefika. Sisi hapa Riruta hatujambo. Ni goti langu tu linalonung'unika, na jikoni tumeezeka bati jipya.

Umeuliza kwa nini nyanya yako, kila mvua ikikaribia, huenda kung'oa miche kwenye ukuta wa bwawa ambalo si letu.

Mtoto wetu wa kwanza tulimzika nyumbani, Kakamega. Hayo nayaacha. Tuliporudi huku, nyanya yako alitaka kitu cha kumkumbuka kilicho karibu, na sisi wapangaji hatukuwa na udongo wetu. Akapanda mzambarau juu ya ule ukuta wa udongo.

Miaka ya sabini, mti ulipoanza kuzaa, ukuta nao ukaanza kuvuja. Fundi aliyeletwa akasema mizizi inayafungulia maji njia, miti yote ikatwe. Majirani wakakata yao. Wetu hakuna aliyeugusa, wala aliyethubutu kumwambia mwenyewe.

Nyanya yako akaja bila kuitwa. "Leteni shoka," akasema. "Kwenye nyumba za huko chini wanalala watoto wa watu."

Aliukata, tukang'oa mizizi, tukajaza udongo. Yeye aliushindilia kwa miguu, polepole, mpaka jioni.

Mvua iliyofuata, miche iliota pale zambarau zilipoangukia. Aliing'oa yote, akarudi na mmoja kwenye mkebe. Ulikaa humo mpaka tulipopata ploti hii, tukaupanda. Ndege hubeba mbegu zake hadi ukutani, ndiyo maana hadi leo anakwenda kung'oa.

Zambarau ulizokula hapa Krismasi, hadi ulimi ukabadilika rangi, ni za mti huo.

Babu yako