Lemberger ya Baba Yako Imeingia Kwenye Nyama

Gudrun mwanangu,

Nimekwenda ibadani. Nyama iko kwenye moto mdogo, msiifunuefunue. Vitunguu uvikaange mpaka viwe vyekundu. Tambi za mayai nitachemsha mwenyewe nikirudi.

Usishtuke kuona chupa ya mezani imebaki nusu. Ndiyo ile Lemberger, divai nyekundu ya mwisho aliyoikamua marehemu baba yako, niliyokuwa nawawekea kwa harusi yenu. Asubuhi nilimtuma Henning stoo ya chini akaniletee mvinyo mwekundu wa kupikia. Kugeuka, mchumba wako anaumimina kwenye sufuria!

"Henning, chupa zote zile, ukaiona hii tu?"

"Mama, nimechukua yenye vumbi kuliko zote. Nilidhani hiyo hamuitaki."

Hawa watu wa kaskazini na bia zao, mvinyo wataujulia wapi! Moyo uliniuma, wala sikumficha. Mchuzi ulipochemka nikaonja, nipate la kumsema zaidi. Nikakosa. Gudrun, umekolea vile vile alivyopenda baba yako, na pilipili manga inasikika kwa mbali. Nikamshukuru Mungu, nikacheka peke yangu. Ningeificha mpaka lini, iwe siki?

Nusu iliyobaki tutainywa leo na hiyo hiyo nyama. Usiitie kwenye friji wala usiiweke karibu na jiko. Iweke dirishani.

~~Glasi ya baba yako yenye mkono msiiguse.~~

Glasi ya baba yako yenye mkono ioshe vizuri, umwekee Henning.

Mama yenu