Tukutane Njia Panda

4 Septemba

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo? Mama hajambo? Sisi huku wazima, ila wifi yako ana mafua yasiyosikia dawa.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu mimi na wewe hatumalizi salamu kabla hatujagombana. Desemba nataka kuwazungusha wifi yako na binti yetu kwa gari, miji midogo tu, ile ya soko moja na kituo cha mafuta kimoja. Mtoto anaijua nchi yake kwa vitabu vya kupaka rangi. Mfuko umetoboka, kwa hiyo hoteli hapana. Tutabeba chakula na tutalala kwa ndugu: kwanza kwa shangazi mshonaji, halafu kwa mjomba fundi saa, tukifika njia panda tunageuza. Niombee nafasi kwao, wewe ndiye mwenye ndugu. Msalimie mama.

Kaka yako


19 Septemba

Kaka,

Shikamoo. Mpe pole wifi. Huku tunaendelea, mama na macho yake.

Nafasi nimeomba. Shangazi mshonaji hataweza kuwapokea, alifariki mwaka juzi. Ujumbe wa pole uliandika mwenyewe, tena kwa kukosea ukamlilia mjomba badala yake. Mjomba yu hai, na alicheka sana aliposikia ulivyomzika. Anasema karibuni. Ana chumba kimoja nyuma ya duka, mtalala chini, na saa zake zitagonga usiku kucha bila kukubaliana.

Sasa nikuulize bila kuzunguka. Hapo njia panda mnapogeuza, kwa mama si mbali. Mbona hatumo? Daktari amesema jicho la kulia limekwisha na la kushoto halitachelewa kulifuata. Mama hajawahi kumwona mwanao. Picha haimsaidii, anaambulia rangi ya gauni. Lakini mtu akimsogelea kabisa, penye mwanga, bado anamwona. Anachotaka ni hicho tu, auone uso wa mjukuu wake kabla giza halijaingia. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mnakuja au hamji?

Mdogo wako


10 Oktoba

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Wifi yako kapona, sasa naumwa mimi.

Usinirukie. Gari letu liko chini, ile barabara ya kwenu itaning'olea bomba la moshi na fundi atameza bajeti yote ya safari. Mtoto naye hajazoea choo cha nje. Ila nimepata dawa. Mlete mama njia panda. Pale kituo cha mafuta kuna mgahawa. Tarehe ishirini Desemba, asubuhi, tutasimama hapo, tutakunywa chai, atampakata mjukuu wake amtazame mpaka achoke. Nauli nitarudisha. Haya, umeridhika?

Kaka yako


2 Novemba

Kaka,

Shikamoo, na pole kwa kuumwa.

"Ya kwenu," umeandika. Ndiyo barabara uliyojifunzia baiskeli. Lakini basi, tutakuja.

Nimemwambia mama, na sasa nyumba haikaliki. Jicho la kushoto analifunga kitambaa mchana kutwa, eti analitunzia mgeni. Anatembea kwa kupapasa kuta, amejigonga kwenye meza, na ukimkemea anacheka. Majirani wote wanajua kwamba mwanawe anakuja kunywa naye chai. Nakuomba, kaka, badilisha chochote kwenye safari yako, hicho usikiguse. Huku mtandao hushika kwa bahati. Ukighairi dakika za mwisho, utatukuta tumeshatoka.

Mdogo wako


29 Desemba

Mdogo wangu,

Hamjambo? Tumerudi salama, mtoto kaungua na jua lakini kafurahi.

Najua umenuna. Siku moja kabla, rafiki wa wifi yako alitupa funguo za nyumba yake ya mapumziko, ila iko barabara ya upande mwingine. Bure kabisa, ungekuwa mimi ungefanyaje? Nilikutumia ujumbe jioni ile ile. Natumaini uliupata na hamkusumbuka. Mwambie mama mwakani nitamfuata mpaka mlangoni.

Kaka yako


8 Januari

Kaka,

Shikamoo. Mama hajambo.

Ujumbe wako uliingia tulipofika kituoni, simu iliposhika mtandao. Niliusoma nimesimama nyuma ya kiti chake, nikakosa mdomo wa kumwambia. Nikasema moyoni, nitamwambia akimaliza chai. Kila gari lililosimama, alivua kitambaa akainuka. Muuza mafuta akawa anamwambia, "Bado, mama, hilo la mizigo."

Kabla ya mchana likaja gari dogo, mwanamume, mkewe na binti mdogo. Mama alinyanyuka kabla sijamshika, akalifuata mikono mbele, akasema, "Mwanangu, umefika." Yule mwanamume akanitazama. Nilikuwa nalia tu. Akazima gari, akashuka, akamwinamia. "Shikamoo, mama. Tumechelewa, utusamehe."

Akamwita binti yake. Mama akamvuta juani, akamshika mashavu, akamsogeza mpaka pua zikagusana. Alimtazama muda mrefu, na mtoto wa watu akatulia. Ana pengo la jino la mbele. Tulikunywa chai pamoja, yule bwana akalipa, wakaenda zao. Hata jina sikumuuliza.

Jicho lilizimika wiki iliyopita. Mama hakulia. Anawahadithia majirani pengo la mjukuu wake na adabu ya mwanawe. Mimi naitikia, na nakuchukia, kaka, naandika hivyo nikiwa na akili zangu timamu.

Mwakani usije. Na ukipiga simu, niulizie mimi. Sauti ya mwanawe mama anaijua sasa, na si hiyo yako.

Mdogo wako